Mwizi Aliyerudisha Vibao

Mfuko ulikutwa mlangoni pa duka Jumanne asubuhi, umefungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake mali yote iliyoibwa Jumapili ilikuwa imerudi.

"Yote?" Bi Taratibu aliuliza.

"Yote, afande," alisema mwenye duka. "Hakuna hata kimoja kilichopungua. Na hilo ndilo linaloniudhi."

Jina la Bi Taratibu hakupewa na mama yake. Alipewa na askari wenzake wa kitengo cha upelelezi, kwa sababu hakuwa mtu wa kuuliza swali la pili kabla la kwanza halijapoa. Walimcheka kwa hilo. Lakini jalada likiwashinda, walilisogeza mezani kwake kimyakimya, wakaenda zao kunywa chai.

Hili la leo lilisogezwa na Koplo, kijana mchapakazi mwenye haraka ya kupanda cheo. Yeye alikuwa amekwisha kumkamata mtu tangu jana: mlinzi wa duka. Hoja yake ilikuwa fupi. Mlango haukuvunjwa, funguo ziko mbili tu, moja anayo mwenye duka na nyingine mlinzi. Mwenye duka siku ya Jumapili alikuwa kwa shemeji yake, mbele ya ukoo mzima. Basi kilichobaki ni mlinzi. Kesho asubuhi angepelekwa mahakamani.

"Toa vitu mfukoni," Bi Taratibu alimwambia. "Kimoja kimoja. Shika pembeni."

Koplo alivaa glavu, akavipanga juu ya kaunta ya kioo. Vilikuwa vishikwambi vya kusomea vitabu, vya bei ya chini, vilivyokwisha kutumika, vyenye mgongo wa plastiki nyeusi iliyochakaa kwenye kona. Mtaani viliitwa vibao.

"Nieleze kama mtu asiyeijua biashara hii," Bi Taratibu alimwambia mwenye duka. "Kibao ni kitu gani?"

Mwenye duka alikuwa mwanamume mnene aliyeitwa Tajiri na kila mtu, isipokuwa mkewe. Alinunua na kuuza vifaa vya mkononi, vipya na vya mtumba, na hakuna kitu alichokipenda kama kuulizwa habari za biashara yake.

"Kibao ni popo, afande. Si ndege, si mnyama. Kuna mashine za kusomea zenyewe hasa, kioo chake kama karatasi, haziumizi macho, na betri inakaa mpaka unasahau chaja uliiweka wapi. Lakini ni ghali, na kazi yake kusoma tu. Wangapi hapa watatoa hela ile kwa ajili ya kusoma tu? Kuna tableti za majina makubwa, hizo ni za watu wa maofisini. Halafu kuna simu, na simu kila mtu anayo. Kibao kimejibanza hapo katikati. Kinafungua vitabu vizuri, video kinacheza kikijisikia, picha zake utadhani zimepigwa kupitia chandarua. Simu hakipigi. Ukikifungulia mambo mawili kwa mpigo, kinagoma kama punda."

"Nani ananunua basi?"

"Mwenye macho mabovu, anayetaka herufi kubwa. Mama anayetaka mtoto atulie. Mwanafunzi. Na mtu anayependa vitabu lakini mfuko wake haupendi. Hao hawaji kwa wingi, ila hawaishi."

"Na mwizi?"

Tajiri aliinua mikono. "Mwizi gani anaiba popo? Ndiyo hapo kichwa kinaniuma. Tazama mwenyewe."

Bi Taratibu alitazama. Kabati lilikuwa la vioo, halina kufuli. Rafu ya juu ilijaa simu za kisasa zinazong'aa, ambazo moja tu ingenunua rafu nzima ya vibao. Hazikuguswa. Rafu ya katikati ilikuwa na vibao vipya kabisa ndani ya maboksi yake. Navyo havikuguswa. Mwizi alikuwa ameinama mpaka rafu ya chini na kuchukua vile vikuukuu tu, vyote.

"Mlinzi amekutumikia muda gani?"

"Tangu nafungua duka. Lakini, afande, ukipigwa na jirani ndiyo unaumia zaidi. Mwacheni afike mahakamani, iwe fundisho."

Bi Taratibu aligeukia kona ya duka, ambako fundi wa Tajiri, kijana mwembamba waliyemwita Waya, alikuwa ameinamia simu iliyofunuliwa matumbo.

"Fundi, niwashie kimoja."

Waya alibonyeza. Kioo kikawaka. "Hee," alisema.

"Nini?"

"Kimejaa chaji." Akawasha cha pili, cha tatu, akaendelea mpaka mwisho. "Vyote vimejaa. Na vimefutwa vioo. Sisi hapa huwa tunaviweka vimezimika, betri chini kabisa. Nani ana muda wa kuchaji popo?"

"Mwizi mwenye adabu," Koplo alisema.

"Au mwizi aliyehitaji viwake," alisema Bi Taratibu. "Fundi, unaweza kuona alifungua nini ndani?"

Waya alivipitia kwa kidole, vyote, bila haraka. Ilipita nusu saa. Tajiri aliuza chaja mbili na kifuniko kimoja wakati wanasubiri. Hatimaye kijana akainua uso.

"Amefungua sehemu ya vitabu. Basi. Hakuingia kwenye picha, hakuingia kwenye intaneti, hakubadilisha lugha wala hakuweka neno la siri. Kila kimoja ni vilevile: amewasha, amefungua vitabu, amefunga."

"Na vitabu vilikuwamo?"

"Aa, wapi. Kifaa cha mtumba tunakifuta chote kabla ya kukiweka rafuni. Ndani ni kweupe."

Bi Taratibu alimwambia Koplo achukue bisibisi, akifungue kitasa cha mlangoni na kukitia mfukoni kama kielelezo. Kisha wakavuka barabara.

Ng'ambo ya pili palikuwa na duka jingine la vifaa, la mtu waliyemwita Bei Poa, na wambea wa mtaa walikuwa wamekwisha kumhukumu. Bei Poa aliuza vibao vipya. Tajiri aliuza vikuukuu kwa nusu ya bei hiyo. Nani mwingine angefaidika rafu ile ikibaki tupu?

Bei Poa aliwasikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi akashika kaunta.

"Karibuni nyuma," alisema.

Aliwafungulia mlango wa stoo. Maboksi ya vibao yalipangwa kutoka sakafuni hadi darini, na juu yake vumbi.

"Nilidanganywa na hesabu za karatasini, afande. Niliambiwa shule zote zitanunua. Shule zikanunua madawati. Sasa nivuke barabara nikaibe vingine vya nini, nivipande kama mihogo? Huyo mwizi mkimkamata mleteni hapa. Nitamwachia mlango wazi na chai juu ya meza."

Hata Koplo alishindwa kujizuia kucheka. Walipotoka nje, Bi Taratibu alisimama kivulini, mikono nyuma.

"Koplo, mtu anaiba vitu visivyo na soko, anaacha vyenye soko mbele ya macho yake. Maana yake nini?"

"Hakutaka kuuza."

"Na kama angetaka kusoma tu?"

"Angechukua kipya. Au kimoja."

"Enhee. Amechukua vikuukuu, vyote, akafungua vitabu katika kila kimoja, akarudisha. Alikuwa anakitafuta kimoja na hakujua ni kipi. Mtu mwenye kitu chake mle. Sasa mlinzi wetu ana kibao?"

Koplo alikuna shingo. "Hana hata simu nzuri."

Kituoni, ndani ya mahabusu, mlinzi alikuwa amekaa kwenye sakafu, magoti kidevuni. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, na urefu huo ulimfanya aonekane amekunjwa kwa nguvu. Alisimama alipomwona Bi Taratibu.

"Niambie Jumapili mchana ulikuwa wapi. Sitaki jibu la kunifurahisha."

"Nilikwenda kibandani, afande, kunywa chai. Duka limefungwa, barabara tupu, jua kali. Nikakaa. Nikanogewa na stori." Aliangalia chini. "Hilo ndilo kosa langu, na nimelikubali toka jana. Lakini koplo anataka nikubali na lile lingine."

"Uliporudi mlango ulikuwaje?"

"Umefungwa. Nilitikisa kitasa kama kawaida. Ndiyo maana sikujua kitu mpaka Jumatatu. Afande, mlinzi hana cheti. Mlinzi ana jina tu. Likichafuka, hakuna sabuni. Nikisimama kizimbani kesho, hata mkiniachia keshokutwa, nani atanipa mlango wake niulinde?"

Bi Taratibu alimwambia askari wa zamu ampe maji na kitu cha kukalia, akatoka.

Kitasa kilichokuwa mfukoni mwa Koplo kilikuwa na alama ndogo ya nyundo kwenye bamba lake, na kila mtu mjini aliijua alama ile. Ilikuwa ya Mzee Kitasa. Mzee huyo alikuwa ametia vitasa katika nusu ya milango ya mji, na nusu nyingine aliifungua watu walipopoteza funguo zao. Kituoni walimtumia kama mtaalamu kila kesi ya mlango ilipozuka. Bi Taratibu alimfuata nyumbani kwake, ambako chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni. Sogezeni hayo machuma mkae."

Alikuwa mzee mkavu, kichwa cheupe, vidole vyeusi kwa mafuta ya mashine. Ukutani mafungu ya funguo yalining'inia, kila fungu limefungwa kwa kamba ya katani. Bi Taratibu aliyatazama mafungu hayo, kisha akaitazama sehemu nyingine ya chumba. Dirishani kulikuwa na kiti kimoja cha mto, na stuli imesogezwa karibu yake kabisa, kiasi kwamba aliyekaa stulini angegusana magoti na aliyekaa kitini. Kwenye mkono wa kiti palikuwa na miwani ya lenzi nene, imekunjwa. Juu yake, kwenye msumari, waya mweupe wa chaja ulikuwa umening'inizwa bila kifaa.

Koplo alimkabidhi kitasa. Mzee alikipokea, lakini hakukiangalia. Alikipapasa kwa kidole gumba, akaingiza ncha ya kijiti, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua.

"Hakijavunjwa hiki."

"Kimefunguliwa kwa ufunguo?"

Mzee angeweza kusema ndiyo, na lawama yote ingemwangukia mlinzi pale pale. "Hapana," alisema. "Ufunguo unasukuma pini zote pamoja. Hapa zimeinuliwa moja moja, kwa utaratibu. Kimefunguliwa na mtu anayekijua."

Bi Taratibu alitoa karatasi. "Ni maelezo ya mtaalamu, mzee, kama siku zote. Soma, uweke sahihi."

"Nisomee wewe, mwanangu. Miwani sijui nimeiweka wapi."

Koplo alifungua kinywa kumwonyesha miwani pale kitini, Bi Taratibu akamkanyaga mguu.

"Mtu wa kufungua hivyo mjini hapa yuko?"

"Wapo wachache."

"Unamjua mmojawapo?"

Mzee alichukua tupa, akaanza kusugua ufunguo uliokuwa umebanwa mezani, ingawa ulikuwa umekwisha kusuguliwa. "Namjua mmoja," alisema.

"Basi ningependa uniambie leo. Kwa sababu mlinzi wa lile duka yuko ndani tangu jana, na kesho asubuhi anapanda kizimbani."

Tupa ilisimama.

"Mlinzi yupi? Yule mrefu?"

"Huyo huyo."

"Lakini vitu si vimerudi?" Mzee alisimama, na kiti chake kikaanguka nyuma yake. "Si vimerudi vyote? Nilidhani vikirudi yamekwisha! Mtu hawezi kufungwa kwa kitu kilichorudi!"

Koplo alimtazama mzee, akamtazama Bi Taratibu, na kalamu mkononi mwake ikawa haijui iandike nini. Mzee mwenyewe aliyasikia maneno yake yalipokwisha kutoka. Aliinama, akainua kiti, akakaa.

"Andika, kijana," alisema. "Ni mimi. Yule mtu hajui lolote."

"Kaa vizuri, mzee," alisema Bi Taratibu, na akakaa yeye mwenyewe juu ya boksi la machuma. "Nieleze kibao kilikuwa cha nani."

"Cha mke wangu."

Alieleza polepole. Mkewe alipoanza kuugua, macho nayo yakaanza kumwacha, na mwanamke yule bila kusoma alikuwa kama samaki nchi kavu. Akajinunulia kibao. Mashine nzuri hakuweza, na simu herufi zake ni kama chawa. Kibao aliweza. Alikuza herufi, na macho yalivyozidi kupungua akazidi kuzikuza, hadi mstari mzima ukawa maneno mawili. Na kila jioni, yeye kitini na mumewe stulini, alimsomea.

"Mimi sikwenda shule, mwanangu. Naweza kukwambia ufunguo wa nyumba ya nani huu kwa kuushika gizani, lakini herufi hatujatambulishwa. Miaka yote alinisomea yeye. Magazeti, mikataba, karatasi zenu za kituoni. Nilikuwa nikiwaambia miwani imepotea, yeye ananisomea jioni, nawaletea sahihi kesho yake." Alitabasamu kidogo. "Sasa miwani imepotea kweli."

"Na kibao?"

"Alipofariki, kijana wangu alisafisha chumba. Hakuwa na nia mbaya. Aliona plastiki kuukuu, akakiuza pamoja na vitu vingine, ili nisikione nikaumia. Mimi niliposema naomba kibao cha mama yako, kilikuwa kimeshafika dukani. Nikaenda. Yule bwana akaniambia, mzee vibao vyote ni sawa, chagua chochote. Kulikuwa na wateja wamejaa. Ningesemaje mbele ya watu? Kwamba sijui kusoma ila nataka kitabu?"

Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Kitabu kipi, mzee?"

"Jina silijui. Mbele kina picha ya mwavuli mwekundu, hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kuna dada alikosana na kaka yake, wakatengana maisha. Sasa amerudi, mvua inanyesha, yuko mlangoni kwa kaka yake. Amegonga. Mke wangu aliposoma amegonga, akasema amechoka, tumalizie kesho." Alikusanya vumbi la chuma mezani kwa kiganja, likawa chungu kidogo. "Hatukumaliza. Nilitaka tu kujua kama walimfungulia."

Bi Taratibu alisimama. "Mzee, itabidi twende."

"Ndiyo, twende. Yule mtu atoke."

Alinawa mikono, akabadilisha shati. Kituoni alirudia maelezo yake bila kupunguza wala kujipamba, na mahali pa sahihi akaweka dole gumba. Mlinzi alipoletwa kaunta kuchukua mkanda na viatu vyake, walikutana uso kwa uso.

"Mwanangu, nimekukosea," alisema mzee. "Nilingoja uende kunywa chai ili usiumie. Kumbe nimekuumiza."

Mlinzi alifunga mkanda taratibu. Hasira ilikuwapo usoni mwake, haikujificha. "Mzee, wewe ulinifungulia nyumba yangu siku mtoto alipojifungia ndani, hukuchukua hata shilingi. Si ungeniambia tu? Ningekufungulia mwenyewe."

"Ndiyo maana sikukwambia. Ungefukuzwa kazi."

Mlinzi alitikisa kichwa, akavaa kiatu kimoja, akacheka bila kutaka.

Mtoto wa mzee alifika, mtu mzima mwenye familia yake, akamdhamini baba yake huku analia waziwazi kama aliyefiwa mara ya pili. Mzee angetakiwa mahakamani kesho yake badala ya mlinzi. Sheria ilikuwa sheria. Bi Taratibu alimpigia Tajiri simu kumweleza.

"Kwa nini hakuniambia?" Tajiri aliuliza.

"Alikuja. Ukamwambia vyote ni sawa."

"Mwambie," Tajiri alisema, "kesho nitafika huko mahakamani. Nitasema mali yangu imerudi na sina madai. Na mlinzi aje kazini. Nitazungumza naye mwenyewe."

"Nipe Waya kwanza." Kijana alipopokea, akamwambia: "Fundi, fikiria vizuri. Kibao cha yule kijana aliyeuza vitu vya mama yake. Ulikifuta?"

"Tunafuta vyote, afa..." Waya alisita. "Subiri. Kile hapana. Hakikufika hata rafuni. Mama wa saluni, pale kona ya soko, alikuwa amesimama hapo hapo anatafuta kibao cha bei chee. Alisema ana mteja mwenye dawa ya nywele kichwani, inaunguza, nimpe hivyo hivyo. Akaondoka nacho mbio."

Bi Taratibu alikata simu. "Koplo, chukua fomu ya utambuzi wa kielelezo."

"Kielelezo gani? Hicho kiliuzwa halali, hakimo kwenye kesi."

"Kinathibitisha nia. Na kielelezo hutambuliwa na nani?"

Koplo alifikiri. Halafu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakuwa na haraka. "Na anayekijua," alisema. "Ngoja nimwite mzee."

Saluni ilikuwa ndogo, imejaa mvuke na harufu ya mafuta ya nywele. Wanawake wanne walikaa kwenye mstari, wengine na rola kichwani, mmoja chini ya kofia ya mashine ya kukaushia. Walinyamaza walipoona polisi wawili, na nyuma yao mzee aliyeshika kofia yake mkononi na mwanawe akimfuata.

Mwenye saluni alipoelezwa, alifuta mikono kwenye aproni, akavuta droo, akatoa kibao.

"Jamani! Mimi nilijua tu kina mwenyewe. Nilipokiwasha kikafunguka katikati ya kitabu, herufi kubwa kama mabango ya barabarani. Sikumjua dada ni nani wala kaka ni nani, ikabidi nirudi mwanzo. Sasa nawasomea wateja wangu hapa. Wengine wanakuja kusuka hata nywele hazijachakaa."

"Kina picha gani mbele?" Bi Taratibu aliuliza.

"Mwavuli mwekundu."

Mzee alitafuta ukuta kwa mkono. Mwanawe akamsogezea kiti, na mzee akakaa kati ya mama mwenye rola na mama mwenye kofia.

"Mmefika wapi?" aliuliza.

"Tumekaribia mwisho, baba."

"Basi mmepita pale mlangoni. Anapogonga kwa kaka yake."

"Tumepita zamani!" alisema mama mwenye rola. "Ah, mzee, pale nililia mimi! Kumbe anayemfungulia ni..."

"Usiniambie!"

Mzee alikuwa amenyanyua mikono yote miwili, kama anayezuia gari. Mama mwenye rola alijiziba mdomo. Kisha saluni nzima ikacheka, na mzee naye akacheka, huku machozi yanamtoka na hayafuti.

Mwenye saluni alirudisha kurasa nyuma. Alizima mashine ya kukaushia, na yule aliyekuwa chini yake hakulalamika. Akasogeza stuli mbele ya mzee, akasoma mvua inavyonyesha, mwavuli unavyopinduka kwa upepo, dada anavyosimama mlangoni mwa kaka yake na kuinua mkono. Akasoma alivyogonga. Alipofika pale alimtupia mzee jicho, akaendelea. Hatua zikasikika ndani. Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka.

Aliyefungua hakuwa kaka. Alikuwa msichana mdogo ambaye dada yule hakuwahi kumwona, na msichana akageuka akaita ndani ya nyumba kwamba shangazi amefika, yule wa kwenye picha.

Mzee alishusha pumzi ndefu. Mkono wake ulikuwa umekamata mkono wa mwanawe, na hakuonekana kujua.

Bi Taratibu aliacha dakika zipite. Fomu ilikuwa magotini mwa Koplo, imefunguliwa, kalamu juu yake.

"Mzee," alisema, "naomba jibu kwa ajili ya kumbukumbu. Hiki ndicho kibao cha mkeo?"

Mzee Kitasa alikitazama kibao, akamtazama mwenye saluni aliyekwisha kunyamaza, akawatazama wale wanawake.

"Sina uhakika bado, mwanangu," alisema. "Hebu asome kidogo tena."

Koplo alifunika kalamu yake. Bi Taratibu alitafuta mahali pa kukaa.